Nyuma ni Wapi?

Chini ya kioo cha simu nyingi zinazotumika Mwanza kuna pembetatu ndogo iliyoelekeza ncha yake kushoto. Haina neno lolote. Hakuna aliyefundishwa maana yake darasani, na ni wachache waliowahi kuiuliza. Katika simu nyingine pembetatu yenyewe imeshaondolewa. Telezesha kidole kutoka ukingoni, nawe umerudi. Kwa kuwa alama hii haisemi kitu, kila mtu ameijaza maana yake mwenyewe, na ajabu ni kwamba maana hizo zinafanana. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni pale Kirumba, mwanafunzi wa chuo kule Malimbe na mzee aliyenunuliwa simu na mwanawe, wote wanaidai kitu kimoja: nirudishe pale nilipokuwa.

Ni dai linaloonekana dogo. Mimi naliona kubwa, kwa sababu limebeba swali ambalo mashine haiwezi kulijibu peke yake: huyu mtu alikuwa wapi?

Tumchukue huyo mchuuzi. Yumo kwenye kundi la wafanyabiashara wenzake, anasoma bei za asubuhi. Mmoja katuma picha ya dagaa walioanikwa. Anaigusa, inajaa kioo kizima. Anaikuza aone kama wana mchanga, kisha anagusa pembetatu. Anachotazamia ni picha ifungwe na mazungumzo yarudi, mstari ule ule aliouacha. Programu iliyotengenezwa vizuri humfanyia hivyo. Iliyotengenezwa ovyo humtupa nje kabisa, kwa sababu kwa hesabu yake picha ile haikuwa mahali pengine. Ulikuwa ukurasa ule ule, umefunikwa tu. "Imetoka," atasema, na kuanza kutafuta upya. Mashine haikukosea kuhesabu, ila kilichohesabiwa sicho alichokuwa akikihesabu yeye.

Wazo kwamba njia ya msomaji ni kitu cha kuhifadhiwa lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alieleza katika jarida la The Atlantic Monthly mashine ya kufikirika aliyoiita Memex: meza yenye maktaba ndani yake, ambamo msomaji angeunganisha andiko na andiko, akaacha njia ambayo angeweza kuipita tena miaka mingi baadaye au kumwachia mwenzake. Vitabu vilikuwapo tayari. Kipya alichokitaka Bush ni kumbukumbu ya namna mtu mmoja alivyopita katikati ya vitabu hivyo. Vivinjari vya miaka ya 1990 havikufika mbali kiasi hicho, lakini vilichukua chembe ya wazo lile: Mosaic, kivinjari cha mwaka 1993 kilichoufungulia umma mlango wa tovuti, kilikuwa na kitufe cha kurudi nyuma.

Kitufe hicho kiligeuka kuwa uti wa mgongo. Mwaka 1997 watafiti Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha kwamba asilimia 58 ya kurasa ambazo watu walizifungua walikuwa wameshaziona kabla. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen, alipoorodhesha makosa mapya ya watengenezaji, aliweka namba moja kosa la kuharibu kitufe cha nyuma.

Asilimia 58 ni hesabu ya kutafakari. Tumezoea kuona kurudi kama dalili ya kupotea: aliyerudi alikosea njia. Hesabu hiyo inasema vingine. Zaidi ya nusu ya mwendo wa watu mtandaoni ni marejeo, na wengi wa wanaorejea hawajakosea lolote. Wanachungulia, wanalinganisha, wanarudi kwenye kituo chao, wanatoka tena. Mabaharia wa pwani walishalisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayejua pa kurejea ndiye anayethubutu kwenda tezi, na omo pia.

Lakini kumbukumbu ya kivinjari ina tabia ambayo watumiaji wengi hawaijui. Fungua ratiba ya meli za Bukoba. Kutoka hapo, fungua habari ya MV Victoria. Rudi kwenye ratiba, kisha fungua ukurasa wa nauli. Sasa rudi nyuma: unapata ratiba. Rudi tena: umeshapita ratiba, uko kwenye ukurasa uliotangulia. Habari ya MV Victoria haimo tena njiani. Ilikatwa mara tu ulipochagua kwenda kwenye nauli, kwa kuwa kivinjari hupanga kurasa katika rundo, na ukishuka kwenye rundo kisha ukaweka ukurasa mpya juu yake, vilivyokuwa juu hutupwa. Kwa mashine huo ni utaratibu safi. Kwa msomaji ni uzushi, kwa sababu ile habari aliisoma na anaikumbuka. Kumbukumbu ya mtu haikati matawi. Njia aliyoipita na kuiacha bado ni sehemu ya safari yake.

Hata hivyo, rundo hilo lilikuwa na uaminifu wake: kila ukurasa ulikuwa na anwani, na kila anwani ilikuwa hatua moja. Mambo yalichanganyika zaidi kurasa zilipoanza kubadilika bila anwani kubadilika. Gmail ilikuja mwaka 2004, ramani za Google mwaka 2005, na ghafla mtu aliweza kufanya kazi ya saa nzima ndani ya ukurasa mmoja. Akibonyeza nyuma, saa hiyo yote ilihesabiwa kuwa hatua moja, akajikuta nje. Baadaye vivinjari viliwapa watengenezaji uwezo wa kuongeza wenyewe hatua kwenye kumbukumbu. Wengine wakaongeza kupita kiasi. Unatafuta chumba cha kupanga Mwanza: unachagua Ilemela, unachagua bei, unachagua chumba chenye choo ndani. Kila alama uliyoiweka imeandikwa kuwa hatua, na sasa kutoka kwenye ukurasa huo kunataka kubonyeza mara nyingi, huku kioo kikibadilika kidogo tu kila mara.

Katika hali ya kwanza mashine ilihesabu hatua chache mno, katika ya pili ilihesabu nyingi mno, na chanzo ni kimoja. Muulize mtafuta chumba amefanya nini, atakwambia: "Nilitafuta Ilemela, nikapata vitatu, nikakipenda kimoja nikakifungua." Hatua tatu. Hataji alama alizoweka kwa sababu hazikuwa mahali. Zilikuwa namna ya kuuliza. Anakitaja chumba alichokifungua kwa sababu pale alituama, akatazama, akawaza kodi na umbali wa kwenda kazini. Mahali, kwa binadamu, ni pale fikra zake zilipotua. Anwani inaweza kulingana na jambo hilo au isilingane. Na kwa kuwa fikra hutua hata katikati ya orodha ndefu, anayerudi kutoka chumba cha arobaini na kukuta orodha imeanza tena na chumba cha kwanza ana haki ya kusema hajarudishwa. Amepelekwa kwenye anwani ile ile tu.

Nadhani hapa ndipo kitufe hiki kidogo kinapotufundisha jambo kuhusu maana. Tunapoeleza siku yetu, hatusemi kila pumzi. Tunaikata vipande, na vipande hivyo havikuwapo kabla hatujavikata. Vinatokana na tulichokuwa tukikitafuta. Mtu mwingine akitazama mienendo ile ile kutoka nje anaweza kuihesabu kwa kipimo chake, na hesabu yake ikawa sahihi na isitufae. Kumwelewa mtu ni kuweza kukata siku yake mahali ambapo yeye mwenyewe angeikata. Mtengenezaji wa programu analazimika kufanya hivyo kwa watu ambao hatakutana nao kamwe, na kila akiamua ni wapi pembetatu itampeleka mtu, anatoa kauli kuhusu alichodhani mtu huyo alikuwa akifanya.

Kuna swali jingine: njia hiyo ni ya nani? Waliotengeneza Android walitofautisha tangu zamani mambo mawili ambayo mtumiaji huyaita yote kurudi. Kuna kupanda juu, yaani kutoka kwenye habari moja kwenda kwenye ukurasa mkuu wa gazeti lake, kwa kufuata mpangilio wa mwenye tovuti. Na kuna kurudi nyuma, yaani kwenda ulikotoka wewe, kwa kufuata mwendo wako. Ndugu yako wa Ukerewe amekutumia kiungo cha habari kwa ujumbe. Ukimaliza kusoma na kugusa pembetatu, unatazamia kumkuta ndugu yako na ujumbe wake. Ukurasa mkuu wa gazeti hukuwahi kuupita. Kukupeleka huko ni kukuandikia safari ambayo hukuifanya.

Wapo wanaoiandika safari hiyo kwa makusudi. Kurasa nyingine humwekea msomaji hatua za uongo kwenye kumbukumbu, ili akibonyeza nyuma akutane na tangazo, au abaki pale pale hata akibonyeza mara tano. Ni sawa na mwenyeji ambaye mgeni akiaga, badala ya kumsindikiza hadi njiani, anampitisha tena ukumbini kumwonyesha bidhaa, kisha chumbani, kisha ukumbini tena. Kwetu kusindikiza ni sehemu ya ukarimu, na kumzuia anayeaga ni kuufuta ukarimu wote uliotangulia. Tatizo lilikua hadi mwaka 2019 kivinjari cha Chrome kikaanza kuruka hatua zilizoingizwa bila msomaji kugusa chochote kwenye ukurasa. Nadhani uamuzi huo ulikuwa wa kimaadili kuliko wa kiufundi: mwenye tovuti ni mmiliki wa kurasa zake, lakini mwendo ni mali ya anayetembea.

Mpaka hapa nimezungumzia kutazama. Kuna pia kutenda, na huko ndiko hofu iliko.

Simama kidogo karibu na kibanda cha wakala wa pesa za simu, popote kuanzia Igogo hadi Buzuruga. Mtu anabonyeza *150*00#, anachagua kutuma pesa, anaandika namba, anaandika kiasi. Katika menyu za namna hii tarakimu fulani, mara nyingi sifuri, humrudisha hatua moja. Lakini akisahau akagusa pembetatu ya simu, au neno Ghairi, kwa kawaida mazungumzo yote hukatika na ataanza upya, kwa sababu menyu haimo kwenye simu yake; imo kwenye mitambo ya kampuni, na simu inaionyesha tu. Kuna nyuma mbili zinazopishana kwenye kioo kimoja. Kisha linatokea jina la mpokeaji, kisha ombi la namba ya siri. Akishaiingiza, hakuna nyuma ya aina yoyote. Kama pesa zimekwenda kwa mtu asiye wake, itabidi aombe zirudishwe, asubiri, na aombe Mungu aliyezipokea asiwe ameshazitoa. Matapeli wanaijua vizuri sehemu hii ya safari. Ujumbe wao maarufu, ule wa "ile pesa itume kwenye namba hii", umejengwa juu ya mtu mwenye haraka kwenye mlango usiofunguka kwa ndani.

Wahandisi wa tovuti waliweka mpaka huu kwenye kanuni zao mapema. Lugha ya HTTP, ambayo vivinjari huzungumza na kompyuta za mbali, hutenganisha ombi la kuona na ombi la kutenda. Kuona unaweza kurudia utakavyo bila kudhuru kitu. Kutenda kukirudiwa kunaweza kuzaa malipo mawili au maombi mawili, ndiyo maana kivinjari, ukirudi kwenye ukurasa uliozaliwa na fomu, husita na kukuuliza kama kweli unataka kuituma tena. Swali hilo ni la haki, ila limeulizwa kwa lugha ambayo ni wachache wanaoielewa.

Watu wameliziba pengo hilo kwa tahadhari. Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, steshenari zilizo jirani na vyuo na stendi hujaa vijana wanaojaza fomu kwa kompyuta ya kukodi, na onyo hupita kutoka kiti hadi kiti: "Dogo, usirudi nyuma, itafuta zote." Mara nyingine ni kweli, mara nyingine si kweli, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kujua. Ndivyo mzee anavyoishia kushika simu kwa ncha za vidole na kumwambia mjukuu, "Nibonyezee wewe." Wengi humwona mzee huyo kama asiyejua teknolojia. Mimi naona anajua jambo moja kwa usahihi kabisa: kuna milango isiyofunguka tena, na hakuna aliyemwonyesha ni ipi. Tendo moja lisilofutika likijificha katikati ya kurasa mia za kutazama, zote mia huwa za kutisha. Ujasiri wa kuchungulia unategemea kuaminika kwa kurudi, na kuaminika kwa kurudi kunategemea kusema wazi pale ambapo hakuna kurudi. Jina la mpokeaji linalotokea kabla ya namba ya siri lina thamani kwa sababu hiyo. Ni kizingiti kinachojitambulisha kuwa kizingiti.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Ukirudi, unapaswa kukuta mahali kama palivyokuwa ulipoondoka, au kama palivyo sasa? Kanuni za HTTP zilizochapishwa mwaka 1999 zilichagua upande: kumbukumbu ya kivinjari imekusudiwa kuonyesha kile hasa ambacho mtumiaji alikiona wakati ule, hata kama chanzo chake kimeshabadilika. Uchaguzi huo una hekima, kwani anayerudi anataka alichokiacha. Una hatari pia. Unakata tiketi ya basi la kwenda Dar es Salaam. Mchoro wa viti unaonyesha namba 12 iko wazi. Unakwenda kuuliza bei ya basi jingine, unarudi, namba 12 bado iko wazi kwenye kioo chako, lakini mtu wa Shinyanga ameshailipia. Kumbukumbu yako haijakudanganya kuhusu jana, imekudanganya kuhusu leo.

Wakazi wa mwambao wa ziwa hapa Mwanza wana mfano mkubwa kuliko kiti cha basi. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana kuleta tofauti kubwa, hadi alipofumuka katika miaka ya 1980. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lililoanza kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, lilijikuta likiandika taarifa ya maangamizi; aina zipatazo 200 zinakadiriwa kutoweka. Sangara hakuwa peke yake. Maji yalirutubishwa na taka na udongo yakawa na giza, na furu jike, anayemchagua dume kwa rangi, akashindwa kutofautisha wa kwao na wa jirani. Aina zikaanza kuchanganyika.

Uvuvi mkubwa ulipompunguza sangara katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walionekana tena kwenye ghuba ile ile. Watafiti, akiwamo Frans Witte aliyewafuatilia kwa miaka mingi, walikuta kwamba baadhi yao hawakuwa wale wa zamani: mashavu ya kupumulia yamekua ili kustahimili maji yenye oksijeni haba, umbo la mwili limebadilika, na chakula pia. Ilichukua takriban miongo miwili. Anwani ilikuwa ile ile, kilichokutwa hapo kilikuwa kingine. Hakuna aliyelikosea ziwa kwa kuondoa sangara wengi. Ilikuwa nafuu ya kweli. Ila ziwa halitunzi nakala ya lilivyokuwa.

Tunapolalamika kwamba maisha hayana kitufe cha nyuma, huwa tunachanganya mambo matatu: kurudi mahali, kufuta tendo, na kurudisha wakati. La tatu halimo mikononi mwa yeyote. La pili linawezekana kwa sehemu, kwa gharama, na kwa hisani ya wengine, kama anavyojua kila aliyewahi kumsihi mtu asiyemjua amrudishie pesa yake. La kwanza tu ndilo tunaloweza kumpa mtu kikamilifu, na ndilo ambalo pembetatu ile iliahidi. Kwa hiyo sina huruma na programu inayolitoa nusunusu, wala na ile inayoigiza mawili mengine: inayoonyesha kiti kilichouzwa kama kitupu, au inayomrudisha mtu kwenye fomu tupu akadhani maombi yake yamefutika, ayatume mara ya pili.

Vijana wanaotengeneza mifumo hapa Mwanza wanaweza kulipima jambo hili kwa njia isiyohitaji fedha. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona kazi yako. Kwenye kila kioo, kabla hajagusa pembetatu, muulize: "Mama, ukirudi sasa, utakuta nini?" Usimsahihishe. Andika anachosema, kisha mwache aguse. Pale ambapo jibu lake na kioo vinapishana, mwenye kosa ni kioo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa safarini na ndiye anayejua alikuwa wapi.